Imenoki au inagonga?

Kwa mgeni wetu: safu hii inaitwa Mwisho wa Reli kwa sababu mbili. Kwanza, naandika kutoka Hagsätra, kituo cha mwisho cha mstari wa kijani namba 19, ambapo treni ikifika kila mtu anashuka, hata aliyelala. Pili, wazazi wangu wametoka Kigoma, ambako reli ya kati inaishia ziwani baada ya kama kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na kila Mtanzania anajua Kigoma ndiyo mwisho wa reli. Basi mimi nimekulia mwisho wa reli mmoja, na asili yangu ni mwisho wa reli mwingine.

Kwenye kipindi kilichopita tuliongelea vitu ambavyo wazazi wametuachia bila kutuuliza kama tunavitaka. Mwenzangu alitaja makochi yasiyopita mlangoni. Mimi nikataja pikapu, nikasema ina hadithi yake na nitaiandika. Wengi mmeuliza iko wapi. Haya, ndiyo hii.

Pikapu ya Baba

Ni Toyota Hilux ya mwaka 1996, dizeli ya lita 2.4, rangi ambayo zamani ilikuwa buluu. Baba aliinunua mimi nikiwa sekondari. Miaka mitatu iliyopita yeye na Mama walirudi Ujiji kuishi kwenye nyumba waliyoijenga tofali kwa tofali kutoka hapa, na siku ya kuondoka akanipa ufunguo. Hakuniambia "nakuachia gari." Aliniambia, "Usiiache ilale njaa."

Nilidhani anaongelea mafuta. Nitarudi hapo baadaye.

Sasa, hii siyo gari tu. Watu wetu wa upande huu wa kusini, Hagsätra, Rågsved, Högdalen mpaka Farsta, nusu yao wamehama nyumba kwa pikapu hii. Masufuria makubwa ya pilau ya shughuli zetu yanapanda humo. Ukiwa na harusi unapigiwa simu: "Dada, pikapu ipo?" Ukiwa na msiba hupigiwi, unajua mwenyewe. Ni gari zee, halina raha, na tangu Januari 2020 haliruhusiwi hata kupita Hornsgatan kwa sababu ya moshi wake. Lakini siku likifa, kuna watu wengi watakaojua kwamba limekufa.

Januari mwaka huu likaanza kutoa sauti.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, digrii 11 chini ya sifuri. Niliwasha, injini ikalia kama kawaida yake, ka-ka-ka-ka-ka, kama mtu anatikisa kopo la misumari. Nikaingiza gia, nikaachia klachi, na chini yangu nikasikia: *ko*. Moja tu. Nikabadilisha gia: *ko*. Nikaachia mafuta: *ko*. Nikasema labda kuna kitu bodini. Hapakuwa na kitu.

Siku ya nne sikusikia kingine chochote isipokuwa sauti ile. Si unajua ukianza kusikiliza kwa hofu, kila kitu kinagonga. Hata ile ka-ka-ka ya asubuhi, ambayo nimeisikia tangu nikiwa na miaka 15, sasa ikanitisha.

Neno nililolitoa mimi

Nikaenda karakana moja, jina silisemi. Mwishoni mwa Februari pikapu ilitakiwa iende besiktning, ule ukaguzi wa lazima. Kwa gari la umri huu ukaguzi haupaswi kupitisha miezi 14, na ukipitiliza, gari linakuwa marufuku barabarani mpaka likaguliwe. Kwa hiyo nilikuwa na haraka.

Nikamwambia fundi, kwa Kiswidi changu kilichonyooka: "Motorn knackar." Injini inagonga. Nilisema injini. Hakuna mtu aliyenishurutisha.

Fundi akawasha, injini ikiwa imelala nje usiku kucha. Akasikiliza kama dakika mbili, kichwa kimeinama, halafu akatikisa. Vevlager, akasema, zile beringi zinazoshika konrodi kwenye krankshafti. Kufungua injini yote, kroni 38,000, na kwa gari la umri huu yeye angelipeleka skrepu. Aliongea kwa upole kabisa, kama daktari. Nikalipa ada ya uchunguzi, nikaondoka.

Nilikaa kwenye gari pale nje nikilia, sitaki kudanganya. Siyo kwa ajili ya chuma. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje Baba.

Jumapili nikapiga simu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo? Mjukuu wangu hajambo? Pikapu inasemaje?"

Ndivyo anavyouliza, kwa mpangilio huo huo, kila Jumapili. Nikameza mate. "Baba, pikapu imenoki."

Kimya. Nyuma yake nikamsikia Mama akirudia kwa sauti kubwa: "Anasema imenoki!" Nikasema moyoni, Mama naye, haachi kuingilia.

Baba akauliza: "Imenoki, au inagonga?"

Nikamwambia si ni kitu kimoja? Kunoki, kugonga, knackar.

"Siyo kitu kimoja. Iliyonoki imekufa. Inayogonga inaita mtu. Sasa hiyo yako inafanya nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Nina miaka 36, Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu, naandika safu nzima kwa lugha hii, na nilikuwa nimetumia neno la kifo kwa sababu ndilo neno la gari bovu nililokuwa nalo.

Niambie wewe

Kwa wasiomjua, Baba alianza kazi kama utingo, yule kijana anayekaa upande wa kushoto wa lori, anayefunga turubai, anayebadilisha tairi, na anayeamshwa usiku kusikiliza. Lori lilikuwa Scania, njia ilikuwa Kigoma, Kasulu, Kibondo, barabara ya vumbi kiangazi na matope masika. Scania hizo hizo baadaye zilikuja kuunganishwa Kibaha, kwenye kiwanda cha TAMCO. Na Scania kwao ni Södertälje, siyo mbali na hapa nilipo. Baba alipokuja Sweden katikati ya miaka ya 80 alikuwa anatania kwamba hakuja kutafuta maisha, amemsindikiza injini kwao.

Nikamwambia, Baba nitakutumia sauti kwenye WhatsApp. Nikarekodi: asubuhi, mchana, nikiwa ndani, nikiwa nje, simu imefungwa chini kwa mpira. Nikatuma vipande sita. Jibu likaja baada ya siku mbili.

"Hizi simu zenu zinachuja. Zimetengenezwa zisikie mtu, zinatupa kelele nyingine. Niambie wewe, kwa mdomo."

Nikaona ana hoja. Kweli simu hufanya hivyo. Basi tukaanza.

Inagonga au inagongagonga? Yaani ni pigo moja unaloweza kulihesabu, au yanafuatana mpaka huwezi kuhesabu? Ni gongo au ni kengele, yaani ni sauti nzito ya tumboni au nyepesi ya chuma kwa chuma? Inagonga, inalia, inavuma, inakwaruza au inapiga mluzi? Ikiwa baridi au ikishapata moto? Gari limesimama au linatembea? Unapokanyaga mafuta au unapoachia? Kwenye tuta au kwenye kona? Mzigo ukiwepo au bodi ikiwa tupu?

Wapenzi, mimi ni mfamasia. Kutwa nzima nasimama kaunta nikiuliza watu maswali ya namna hiyo: inauma kabla ya kula au baada? Inachoma au inakaba? Tangu lini? Na najua vizuri kwamba mgonjwa akija akasema "nina vidonda vya tumbo," nusu ya watu watamtafutia dawa ya vidonda vya tumbo. Anayejua kazi atasema: hebu weka hilo jina pembeni, niambie unasikia nini. Baba alikuwa ananifanyia kitu ambacho nimekisomea miaka mitano.

Majaribio matatu ya utingo

Naandika haya hatua kwa hatua kwa sababu kuna wengi wenu mmeachiwa magari mazee, na yanafaa kwa gari lolote, siyo Hilux tu.

*La kwanza: sauti inafuata injini au inafuata magurudumu?* Simamisha gari sehemu tambarare, vuta handbreki, weka nyutro, injini iwe imeshapata moto. Panda taratibu na mafuta, halafu achia. Sauti ikipanda na kushuka pamoja na injini, ugonjwa uko mbele, kwenye injini au vitu vinavyozungushwa nayo. Ikiwa kimya kabisa, na inaanza tu gari linapotembea, ugonjwa uko chini: propela, difu, springi, miguu. Jaribio hili ni la dakika tatu. Kule karakana halikufanyika.

*La pili: baridi na moto.* Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda, kwenye injini kama hii takriban mara 20, mpaka inakuwa na moto wa kuwasha mafuta yenyewe. Injini ikiwa baridi, mafuta yanachelewa kidogo kuwaka, yanajikusanya, halafu yanawaka yote kwa mpigo. Ndiyo ile ka-ka-ka ya asubuhi. Kwa dizeli ya kizamani hiyo ni salamu tu, siyo ugonjwa, ilimradi ipungue ikipata moto.

Metali zikiliwa, hizo beringi za konrodi ambazo mafundi wetu huziita metali, ni kinyume chake. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, kinga inapungua, na pigo linazidi. Ni pigo zito, linapanda na mizunguko, na mara nyingi presha ya oili inashuka. Baba akasema: "Injini inayolalamika asubuhi na kunyamaza mchana imezeeka. Inayonyamaza asubuhi na kulalamika mchana inakufa." Yangu ilikuwa inanyamaza mchana.

Zamani wangechukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, wasikilize silinda moja moja. Hiyo unaweza kufanya, mbali na feni na mikanda, nywele na skafu zikiwa zimefungwa. Walikuwa pia wanalegeza nati ya bomba la nozeli moja moja wasikie pigo litabadilika kwenye silinda gani. Hiyo *usiifanye* kwenye dizeli za kisasa. Mafuta humo yanaweza kuwa kwenye presha ya zaidi ya bar 1,000, yanatoboa ngozi kama sindano, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali. Utingo wa miaka hiyo hakuwa na injini za namna hii.

*La tatu: shika kwa mkono.* Kinachogonga kimelegea, na kilicholegea kinashikika. Ukiinua gurudumu la mbele, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, angalia beringi ya gurudumu na boljointi. Lishike kulia na kushoto: likicheza, angalia tairodi. Tafadhali, usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi, zuia magurudumu. Jeki imeua watu wazima wenye akili zao.

Nikarudisha majibu Jumapili iliyofuata. Nyutro na injini ya moto: kimya. Taa ya oili: haiwaki. Pigo: moja, jepesi, chuma kwa chuma, kila ninapoondoka, ninapobadilisha gia, ninapoachia mafuta. Kwenye tuta: hakuna.

Mama akarudia yote, neno kwa neno, mpaka nikakereka. "Mama, si anasikia!" Mama hakujibu.

Baba akasema: "Bushi za springi za nyuma." Nikaingia chini na tochi, nikazichungulia, nikazibinya na chuma. Ziko imara. Nikampigia tena. Akanyamaza kidogo. "Basi nilikosea. Kama si springi ni propela. Shika krosi."

Chini ya lifti

Krosi, kwa ambao hamjawahi kukaa chini ya gari, ni kile kipande cha chuma chenye umbo la msalaba kinachounganisha propela shafti na giaboksi upande mmoja na difu upande mwingine. Injini iko juu, ekseli ya nyuma inapanda na kushuka na barabara, kwa hiyo shafti inahitaji kiungo kinachojikunja huku kinazunguka. Ni kama kifundo cha mkono. Kila ncha ya msalaba ina kikombe, ndani ya kikombe kuna visindano vidogo vya chuma, na visindano vinaishi kwa greisi. Bila greisi vinakauka, vinaota kutu, vinasagika, na panapatikana nafasi. Kila unapokanyaga au kuachia mafuta, nguvu inabadilisha upande, nafasi ile inazibwa kwa pigo: *ko*.

Jumamosi nikakodi lifti kwenye ukumbi mmoja wa jifanyie mwenyewe, zile sehemu unalipia kwa saa na vifaa vipo. Nikainua pikapu, nikaweka nyutro, nikashika propela kwa mikono miwili, nikaizungusha mbele na nyuma. Ikacheza. Siyo sana, labda nusu ya upana wa kidole. Na kuzunguka vikombe vya krosi kulikuwa na unga mwekundu, kama pilipili.

Lifti ya jirani kulikuwa na mzee mmoja, amenisikia nikiongea na simu. Akaja akifuta mikono.

"Mama, unasema Kiswahili? Unatoka wapi?"

"Kigoma, Papa. Wazazi wangu."

"Ah! Mimi Uvira. Tuko majirani, ni maji tu iko katikati." Akashika shafti, akaitikisa mara moja. "Hii kardani iko na jeu. Croisillon imekufa. Ikikatika mu barabara, hii chuma itaanguka, itachimba lami. Ulikuwa unatembea nayo hivi?"

Nilikuwa natembea nayo hivi. Wiki tatu. Mtoto wangu wa miaka minne nyuma yangu, Huddingevägen asubuhi na jioni, mara moja na masufuria manane kwenda msibani upande wa pili wa mji. Shafti ikichomoka upande wa mbele na kushuka barabarani gari likiwa kwenye mwendo, hakuna usukani utakaokusaidia. Nilishika nguzo ya lifti kidogo.

Halafu yule mzee akaniuliza swali dogo: "Na greisi unatiaka?"

Kwenye kila krosi ya gari hili kuna nipeli, kichwa kidogo cha kupigia greisi. Nikazitafuta. Hazikuonekana. Vuli iliyopita nililipa mtu apulize dawa ya kuzuia kutu chini ya gari, kwa sababu chumvi ya barabara za huku inakula chuma, na dawa ile nyeusi ilikuwa imezifunika. Lakini hata kabla ya hapo, hakuna aliyezigusa. Kila Mei Baba alikuwa anatandika kadibodi kwenye maegesho nyuma ya nyumba yetu, anaingia chini na bomba la greisi. Sisi tulidhani anajificha apate kupumzika.

*Usiiache ilale njaa.* Hakuwa anaongelea mafuta ya dizeli.

Tulitoa shafti, tukapiga krosi nje, tukaweka mpya mbili. Kabla ya kutoa tulipiga alama ya rangi pande zote mbili ili shafti irudi kama ilivyokuwa, maana ikirudi vingine inaweza kutetema. Spea kroni 640, lifti saa nne, na yule mzee akakataa hela, akaomba tu nikija tena nimletee chapati. Nikatoka pale, nikaachia klachi nikiwa nimejikaza kama mtu anayesubiri sindano. Kimya. Gia ya pili, kimya.

Wa kulaumiwa

Mnajua ningeweza kuimaliza hadithi hapa: karakana wabaya, Baba bingwa, mzee wa Uvira malaika. Mume wangu alitaka nirudi pale nikawaambie. Nilifikiri sana, na siyo rahisi hivyo.

Yule fundi alipaswa kuendesha gari. Hilo nalisema wazi. Kroni 38,000 haziwezi kutoka kwenye kusikiliza kwa dakika mbili. Lakini mimi ndiye niliyemwingizia neno injini kichwani, nikamwashia injini ya baridi, akasikia kile nilichomwambia asikie. Baba naye nilimwambia imenoki, na kama angeniamini ningeiuza kwa bei ya chuma. Tofauti yao ni kwamba mmoja alilichukua neno langu, na mwingine alilikataa.

Na nilikuwa nimemwamini yule wa kwanza haraka kwa sababu alikuwa na kompyuta ya mkononi na karatasi. Baba nilimpigia kumpa taarifa ya msiba, siyo kuomba ushauri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya hela.

Alichosema Mama

Jumapili ile nikapiga kwa video kuwaonyesha krosi za zamani. Mama akapokea peke yake, Baba alikuwa msikitini. Nikamwambia Mama, nina sauti mpya nimerekodi, gari kimya kabisa, namtumia Baba afurahi.

Mama akaangalia pembeni. "Usimtumie masauti, mwanangu. Sikio la kushoto limekufa tangu mwaka juzi. La kulia linachagua. Mtu akisema polepole uso kwa uso anasikia, kwa simu mimi ndiye namrudia. Hataki mjue."

Sikio la kushoto. Upande wa dirisha la utingo.

Basi zile sauti sita nilizotuma, alizishikilia siku mbili bila kuzisikia. Akatafuta sababu ambayo mtoto msomi ataikubali, nami nikaikubali. Halafu akaitambua krosi kwa maneno tu, yangu yakipita kwa Mama, umbali wote huo, na alipokosea mara moja akasema amekosea.

Sijamwambia kwamba najua. Nimeongea na Mama kuhusu kupima na vifaa vya kusikilizia, hilo ni jambo letu na linaendelea. Ila kitu kimoja nimekibadilisha. Jumapili, baada ya "pikapu inasemaje," siulizi tena haraka haraka. Naongea polepole. Na nimeanza daftari: kila wiki naomba sauti moja, ananipa jina lake na ugonjwa wake. Wiki iliyopita ilikuwa *kukoroma*. Difu inakoroma, giaboksi inakoroma, na mlinzi wa nyumba ya jirani anakoroma. Nilimsikia Mama akicheka kabla ya kunirudishia.

Pikapu ilipita ukaguzi tarehe 26 Februari. Mei nitahitaji kadibodi.

Maneno ya kuondoka nayo

*Kunoki*: injini kufa kabisa. Usilitumie kabla hujawa na hakika.

*Kugonga*: pigo unaloweza kulihesabu. *Kugongagonga*: mapigo yanayofuatana. Angalieni lugha inavyofanya kazi, neno lenyewe linarudiarudia.

*Kuvuma*: sauti ya mfululizo kama upepo, mara nyingi beringi ya gurudumu au matairi.

*Kukwaruza*: chuma kusugua chuma, angalia breki kwanza.

*Metali*: beringi za konrodi na krankshafti. Zikiisha, husemwa "zimeliwa."

*Plei*: nafasi ya kucheza kwenye kitu kinachotakiwa kukaza. Wakongo wanasema *jeu*, Waswidi wanasema *glapp*.

*Krosi*: kiungo cha propela. Kwa Kiswidi *kardanknut*. Hula greisi.

Nyumbani kwenu mnaziitaje hizi? Na nani kwenu anajua sauti ambazo wewe hujui majina yake? Mpigie wiki hii, umuulize moja tu. Ongea polepole.

Tusikilizane.